Mkojo kuvuja ukikohoa: Kwa nini mazoezi yatangulie kisu?

Wanawake wengi, hasa waliozaa, huvuja mkojo wanapokohoa, kupiga chafya au kubeba mzigo. Wengi hunyamaza kwa aibu.

Nchini Uingereza, maelfu waliwekewa utepe wa plastiki wa kushikilia njia ya mkojo. Baadhi yao walibaki na maumivu makali, na Julai 2018 upasuaji huo ulisitishwa kwa sehemu kubwa. Mwongozo wa tiba wa 2019 unataka kwanza mazoezi ya misuli ya nyonga kwa angalau miezi 3, chini ya mtaalamu.

Mazoezi yenyewe: kaza misuli kama unayezuia mkojo na ushuzi, kisha legeza. Fanya hivyo angalau mara 8, mara 3 kwa siku. Usizuie pumzi. Kupunguza uzito uliozidi pia husaidia.

Kwa aliye mbali na hospitali kubwa, hii ni habari njema: hatua ya kwanza haihitaji chumba cha upasuaji, bali mkunga au nesi wa kukuelekeza.

Lakini mkojo ukivuja mchana na usiku baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula. Mazoezi hayaitibu. Wahi hospitali.