Mbwa wa Kazi Hajulikani kwa Tuta la Mgongoni

Ndugu mkulima, ukienda kununua ng'ombe wa maziwa huanzi na pembe. Watazama kiwele, wauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani, tena wahakikisha kwamba ana afya. Lakini ukienda kununua mbwa, akili hiyo yote waiacha nyumbani. Watazama alama na kusikiliza maneno ya mwenye kuuza, kisha watoa fedha. Maoni yangu ni kwamba jambo hili si jema, nami nitakueleza sababu.

Tuchukue mfano wa mbwa mmoja anayesifiwa sana, aitwaye Rhodesian Ridgeback. Ni mbwa mkubwa, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya ngano iliyoiva, pengine mekundu zaidi. Dume lililokomaa huwa na uzito wa kilo 36 hivi, na kimo chake mabegani ni sentimita 63 mpaka 69. Alama yake kubwa ni tuta la manyoya mgongoni. Tuta hilo huanza nyuma ya mabega, likaenda likipungua upana mpaka karibu na nyonga. Manyoya yake yameelekea mbele, hali manyoya mengine yote yameelekea nyuma.

Usidhani kwamba tuta hilo lilitoka Ulaya. Wazungu walipohamia sehemu za Cape, huko Afrika ya Kusini, waliwakuta Wakhoikhoi wana mbwa wao wenye tuta la namna hiyo. Wageni waliona kwamba mbwa hao ni hodari, wanaivumilia nchi, basi wakawazalisha na mbwa wakubwa waliokuja nao. Baadaye, katika miaka ya 1870, misionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili katika misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na mbwa wake. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaandika sifa zinazotakiwa kwa mbwa wa jamii hii. Basi damu ya mbwa wa Kiafrika ndiyo iliyompa mbwa huyu alama anayojulikana kwayo duniani.

Sasa tutazame kazi yake. Watu wengi husema kwamba mbwa huyu huua simba. Sivyo. Kazi yake ilikuwa kumtafuta simba, kumzunguka, kumbwekea na kumkwepa, ili simba asimame mahali pamoja mpaka mwindaji afike na bunduki. Mbwa mwenye ukali bila akili hakurudi nyumbani jioni. Mbwa huyo huyo alikimbia na farasi siku nzima, na usiku alilinda kambi na mifugo. Ndiyo maana ya mbwa wa kazi nyingi: ana pua, macho, mbio, uvumilivu, na zaidi ya yote ana busara ya kujua wakati wa kusonga mbele na wakati wa kurudi nyuma.

Lakini watu walipoanza kumpeleka katika maonyesho, tuta likapita kazi. Mbwa asiye na tuta hakubaliwi kabisa katika maonyesho hayo, na kwa muda mrefu wafugaji wengi waliwaua watoto wa mbwa waliozaliwa bila tuta, hata wakiwa wazima wenye nguvu. Kumbe tuta lenyewe lina gharama yake. Mwaka 2007 wataalamu walieleza kwamba urithi uleule unaoleta tuta humweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na tundu jembamba katika ngozi ya mgongo au shingo. Tundu hilo huweza kwenda ndani mpaka karibu na uti wa mgongo, likaingia uchafu na kutunga usaha. Basi watu walikuwa wakiua wazima kwa ajili ya kulinda alama inayoleta ugonjwa! Je, wewe ungemchinja ndama mzuri kwa sababu hana baka usoni?

Nina ushahidi wangu mwenyewe. Miaka sita iliyopita jirani yangu alinunua mtoto wa mbwa mwenye tuta zuri, kwa bei kubwa. Ndugu yake wa tumbo moja hakuwa na tuta, na mwenye kuuza alitaka kumtupa. Nilimchukua mimi. Jirani alimfunga wake kwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Alikuwa mkali kweli, na siku mnyororo ulipokatika alimwuma mtoto wa shule njiani. Mtoto alioshwa jeraha na kupelekwa hospitali, akadungwa sindano, akapona. Lakini ujirani haujapona mpaka leo. Mbwa wangu hutembea nami nikienda malishoni, na usiku hulala karibu na zizi. Mgeni akija, hubweka na kungoja nimwambie la kufanya. Sisemi kwamba tuta ndilo lililomharibu yule mwingine. Nasema kwamba tuta halikumsaidia kitu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo hatumtaki mbwa huyu atufukuzie swala. Hata hivyo yeye hajui sheria hiyo. Damu yake yataka mbio na kazi kila siku. Kama huna nafasi ya kumtembeza, wala chakula cha kumtosha, wala subira ya kumfundisha kwa upole, usimnunue. Mbwa mdogo wa kienyeji atakufaa zaidi.

Ukiwa unazo, fanya hivi. Kwanza, mtazame mama yake, uone kama ni mtulivu mbele ya watu. Pili, pitisha vidole vyako polepole shingoni na mgongoni kwa mtoto wa mbwa. Ukisikia kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, mwite daktari wa mifugo kabla ya kulipa. Tatu, mzoeze mapema kuku, kondoo na watoto wa nyumbani, maana mbwa mwindaji asiyefundishwa huwafukuza kuku kama mawindo. Nne, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu, na umrudishe kila mwaka. Serikali imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2030 mtu asife tena kwa ugonjwa huu, lakini Serikali haiwezi kumshika mbwa wako masikio wakati wa sindano. Hiyo ni kazi yako.

Na yule mbwa wa kienyeji aliyelala mlangoni pako sasa, unayemwita koko, usimdharau. Watu wa mbali walitoka kwao wakaja kuazima damu ya mbwa wa Kiafrika kama yeye. Mpe chanjo, chakula, maji na kazi, ndipo utakapojua una mbwa wa namna gani.