Amazon yashika mpini, waandishi wanaojichapishia washika makali

MWEZI Juni 2025, waandishi wanaojichapishia vitabu kupitia kampuni ya Amazon walijikuta wakipiga hesabu upya. Mrabaha wa vitabu vya karatasi vinavyouzwa kwa bei iliyo chini ya dola 9.99 za Marekani ulishuka kutoka asilimia 60 hadi 50, huku gharama ya uchapaji ikiendelea kukatwa katika fungu lilo hilo la mwandishi. Hapakuwa na majadiliano. Kampuni ilitoa tangazo, ikataja siku, na siku hiyo ikawadia.

Kwa mtu wa kando, asilimia 10 huenda ikaonekana jambo dogo. Lakini chukulia kitabu cha dola 8 ambacho kukichapa kunagharimu dola 3. Kwa utaratibu wa zamani, mwandishi alipata dola 4.80, zikatolewa 3, akabaki na dola 1.80. Kwa utaratibu mpya hupata dola 4, na baada ya gharama ya uchapaji hubaki na dola 1. Pato lake limepungua kwa zaidi ya thuluthi moja, ilhali hakuna neno hata moja lililobadilika katika kitabu chake. Angeweza kupandisha bei, naam, lakini msomaji anaweza kumhama na kwenda kwa mwandishi wa jirani yake kwenye ukurasa uo huo.

Swali linalozuka ni kwa nini waandishi hao hawakuondoka. Jibu ni kwamba wengi wao hawana pa kwenda, na jinsi walivyofikishwa hapo ni hadithi ya takriban miaka 20.

Amazon, iliyoanza kuuza vitabu kwenye mtandao mwaka 1995, ilizindua kifaa cha kusomea cha Kindle mnamo Novemba 2007. Pamoja nacho ilifungua mlango ambao leo hujulikana kama KDP, unaomwezesha yeyote mwenye muswada kuuweka sokoni bila kupitia kwa mhariri wala mchapishaji. Katikati ya mwaka 2010 kampuni hiyo ikaongeza chambo: mrabaha wa asilimia 70 kwa kitabu cha kielektroniki kinachouzwa kati ya dola 2.99 na dola 9.99. Wachapishaji wa kawaida hawakuwa wakitoa hata nusu ya kiwango hicho.

Matokeo yalionekana upesi. Amanda Hocking, binti kutoka jimbo la Minnesota ambaye miswada yake ilikuwa imekataliwa mara nyingi, aliuza nakala zaidi ya milioni moja kabla ya kutia saini mkataba wa takriban dola milioni 2 na kampuni ya St. Martin's Press mwaka 2011. Andy Weir aliuza riwaya yake ya The Martian kwa senti 99 kabla haijachukuliwa na mchapishaji na hatimaye kufanywa filamu. Hadithi hizi ni za kweli, na ndizo zilizowavuta maelfu ya wengine. Ni haki pia kusema kwamba bila mlango huo, wengi wa waandishi hawa wasingesomwa kamwe.

Hata hivyo, mlango huo una masharti. Desemba 2011 Amazon ilianzisha mpango wa KDP Select. Mwandishi anayejiunga nao huahidi kutouza wala kugawa kitabu chake cha kielektroniki mahali pengine popote kwa siku 90. Naye hupewa nyenzo za kujitangaza, na kuanzia Julai 2014 vitabu vya mpango huo vikaingizwa katika Kindle Unlimited, maktaba ya kulipia ada kila mwezi.

Hapo mwanzo, kila msomaji aliyeazima kitabu na kupita asilimia 10 ya kurasa zake alimletea mwandishi malipo kamili. Julai 2015 utaratibu ukageuzwa na malipo yakawa kwa kila ukurasa uliosomwa. Waliokuwa wakiishi kwa kuandika vitabu vifupi, ambao walikuwa wameipanga kazi yao yote kulingana na kanuni ya awali, waliona pato lao likiporomoka. Kiwango cha sasa ni chini ya nusu senti ya Marekani kwa ukurasa. Tena hakijulikani mapema, kwa kuwa kampuni huamua ukubwa wa mfuko wa malipo baada ya mwezi kwisha. Mkulima wa majani chai wa Kericho au Murang'a hahitaji kufafanuliwa hali hiyo: zao hupelekwa leo, na bonasi hutangazwa baadaye na wengine.

Sharti la kutouza kwingine lina makali mengine. Waandishi kadhaa wamelalamika hadharani kwamba walionywa au vitabu vyao vikaondolewa kwa sababu nakala zilipatikana kwenye tovuti za wezi wa vitabu. Mwandishi aliyeibiwa ndiye aliyetakiwa ajieleze. Masharti ya KDP yanaipa Amazon uwezo wa kusimamisha akaunti ya mwandishi, na akaunti inapofungwa, vitabu vyote vilivyomo hutoweka dukani kwa pamoja.

Wakubwa nao wameuonja ubabe huu. Januari 2010 vitabu vya Macmillan viliondolewa vitufe vya kununulia kutokana na mzozo wa bei. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Hachette, ambayo wasomaji wake walicheleweshewa vitabu kwa wiki kadhaa hadi maafikiano yalipofikiwa Novemba. Lakini kampuni hizo zilikuwa na mawakili na maduka mengine ya kuuzia. Mtu aliyeketi mezani kwake usiku baada ya kazi ya mchana ana barua pepe tu ya kuandika, na mara nyingi hujibiwa kwa maneno yaliyotayarishwa tangu zamani.

Kwa mwandishi wa Kenya utegemezi huu una gharama ya ziada. Mrabaha wa asilimia 70 hutegemea pia mahali alipo mnunuzi. Kuna orodha maalum ya nchi, iliyotawaliwa na mataifa ya Ulaya na Amerika, na nje yake mrabaha hushuka hadi asilimia 35. Isitoshe, Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mrabaha unaotokana na mauzo ya huko hukatwa asilimia 30 kabla ya kumfikia. Kitabu cha dola 2.99 kinachomletea mwandishi wa California takriban dola 2.09 humwachia mwenzake wa Kakamega kama dola 1.46, kabla ya ada za benki na za kubadilisha fedha.

Kwa nini basi awapo kule? Kwa sababu wachapishaji wakubwa wa Nairobi huishi kwa vitabu vya kiada, na mwandishi wa riwaya ya watu wazima husubiri foleni isiyosonga. Maduka kama Nuria jijini Nairobi yamejijengea jina kwa kuwauzia wanaojichapishia, na humo msomaji hulipa kwa M-Pesa. Vitabu vya karatasi havifungwi na sharti la siku 90, jambo ambalo baadhi ya waandishi hawalitambui, wakadhani wameuza kila kitu.

Jambo zito zaidi kuliko asilimia ni kwamba Amazon haimpi mwandishi majina ya walionunua kitabu chake. Anaweza kuuza nakala 5,000 na asijue hata mtu mmjoa wa kumwarifu kwamba amehamia duka jingine. Hugh Howey, aliyevuma kwa riwaya ya Wool, alilielewa suala la umiliki mapema; mwaka 2012 aliipa Simon & Schuster haki za kitabu cha karatasi pekee na kubaki na zile za kielektroniki. Mwaka 2022 Brandon Sanderson alichangisha zaidi ya dola milioni 41 moja kwa moja kutoka kwa wasomaji wake ili kujichapishia riwaya 4. Lakini Sanderson alikuwa tayari na jina lililojengwa kwa miaka mingi na wachapishaji wa kawaida, na kumtaja kama mfano kwa anayeanza ni kumpotosha.

Tangu Septemba 2023 msongamano umezidi kuwa tatizo. Vitabu vinavyotungwa kwa akili unde vilifurika kiasi kwamba Amazon ililazimika kumwekea kila mwenye akaunti kikomo cha vitabu vipya 3 kwa siku. Kwa mwandishi anayehangaikia kitabu kimoja kwa miaka 2, kikomo hicho chenyewe kinaeleza anashindana na nini.

Mpango wa siku 90 nao hujirudia wenyewe kipindi kinapokwisha. Anayetaka kitabu chake kiuzwe pia kwingine sharti aingie katika akaunti yake na kuondoa alama kwenye kisanduku husika kabla ya siku ya mwisho. Akisahau, huanza kuhesabu siku 90 nyingine.