Kikapu cha Duka la Mtandaoni Hakichaguliwi kwa Sura

Leo nitawaudhi waundaji tovuti wenzangu. Mwenye duka dogo akija kwetu, swali la kwanza anloulizwa na mafundi wengi ni: "Ungependa tovuti yako ifanane na ipi?" Hilo ni swali la mpaka rangi! Swali la kwanza ni hili: wateja wako hulipaje, na mzigo huwafikiaje?

Chukua mfano wa duka la agroveti hapa Mautuma. Linauza mbegu za mahindi, mbolea na dawa za mifugo. Wateja wako Lumakanda na Turbo, na wengine wako Nairobi wakiwanunulia wazazi walioko nyumbani. Pesa ni M-Pesa. Mzigo huenda kwa bodaboda, au hutumwa kwa matatu ukachukuliwa stejini. Anwani ya mteja ni sanduku la posta, na gunia la mbolea haliingii kwenye sanduku.

Sasa tazama tunachomuuzia. osCommerce ilizaliwa Ujerumani mwaka 2000. Zen Cart ikachipuka kutoka kwake mwaka 2003. Shopify ilifungua milango 2006. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007! Yaani vikapu vya mwanzo vilibuniwa kwa ajili ya mteja mwenye kadi ya benki na nyumba yenye namba. Waliovibuni hawana kosa. Mwenye kosa ni fundi anayevileta Lugari vilivyo, fomu ikimdai mama wa watu jina la mtaa na kadi asiyo nayo, kisha anashangaa kwa nini hakuna anayenunua.

Na kisingizio hakuna tena. Tangu 2017 Safaricom ina Daraja, mlango unaoiwezesha tovuti kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Mteja anaandika namba ya simu, simu inamwomba PIN, anaiweka, kisha M-Pesa yenyewe inaijulisha tovuti kwamba pesa zimeingia. Hata kabambe inaweza. Kwa hiyo fundi anayekwambia "mteja atume pesa halafu akutumie picha ya meseji" anakutia mikononi mwa matapeli. Meseji ya uongo ya M-Pesa huandikwa kwa dakika moja.

Tuje kwenye gharama. Mautuma ni nchi ya mahindi. Pembejeo hununuliwa mvua ikikaribia, Machi na Aprili, na mkulima hushika pesa akishavuna. Kati ya hapo kuna miezi mikavu. Kikapu cha kukodi kwa dola hakijui msimu. Mapema 2022 Shopify Basic ilikuwa dola 29 kwa mwezi, dola moja ikiwa kama shilingi 113: karibu shilingi 3,300. Mapema 2024 ilikuwa dola 39, na dola ilikuwa imefika kama shilingi 160: zaidi ya shilingi 6,200. Duka ni lile lile! Baadaye shilingi ilipata nguvu, lakini nani atakuhakikishia ya kesho?

Ndiyo maana mimi husema WooCommerce. Ilitoka 2011, ni programu huria, na inakaa juu ya WordPress. Sisemi ni bure kabisa. Utalipia mahali pa kuihifadhi na jina la .co.ke, na lazima mtu aisasishe, la sivyo wadukuzi wataingia. Lakini hayo unayalipa kwa shilingi, kwa kampuni ya Kenya, na fundi akikusumbua unabeba faili na hifadhidata yako kwa fundi mwingine. Ila hakikisha jina la tovuti limeandikishwa kwako, si kwa fundi.

Wapo watakaosema kikapu cha kukodi ni salama zaidi kwa asiye na fundi. Ni kweli, sibishi. Lakini kama huna fundi na bidhaa zako ni kumi na tano, pengine huhitaji kikapu chochote. Katalogi ya WhatsApp Business haina ada, na wateja wako tayari wako humo.

Kabla hujamlipa fundi shilingi ya mwisho, fanya majaribio haya matatu mbele yake:

1. Agiza bidhaa kwa simu ya mtoto, lipa kwa kabambe ya mzazi. Kikapu kikikataa namba mbili tofauti, hakijui familia za huku.

2. Anzisha malipo, kisha usiweke PIN. Oda ikionekana "imelipwa", kimbia!

3. Andika "steji ya Mautuma" mahali pa anwani. Kikidai jina la mtaa, fundi arudi akafanye kazi.

Majaribio haya hayahitaji digrii ya kompyuta. Yanahitaji simu mbili na bidhaa ya shilingi kumi. Fundi anayeyaogopa anajua alichokuuzia, na wewe unayelipa una haki ya kujua pia.

Haya, kazi kwenu.