Gari la Kukodi, Jijini na Jangwani

Sisi wa Chundwa hatupiti Mkanda kwa chombo kizito maji yakiwa yamekupwa. Busara hiyo hiyo yazifaa familia zinazokwenda Oman kuwazuru jamaa na kukodi gari huko.

Kwa Maskati, na hata safari ya kilomita zipatazo 200 hadi Bidiya, gari dogo latosha, kwani njia ni ya lami. Jangwa la Sharqiya ndilo linalotaka gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, tairi zilizopunguzwa upepo, na dereva aujuaye mchanga. Na huyo hakodishwi pamoja na ufunguo. Isitoshe, bima za magari ya kukodi aghalabu hazilipii yaliyoharibikia mchangani, na gharama humwangukia aliyetia saini. Kwa maoni yetu, mama mwenye watoto aliache gari dogo Bidiya, amlipe mwenyeji awaingize jangwani kwa gari lake.

Aendaye Jabal Akhdar hana hiari: polisi huyarudisha magari yasiyovuta kwa magurudumu manne. Na Oman huendeshwa upande wa kulia, basi watoto nao wateremkie kuliani, penye ukingo wa barabara.