Jirani Aliyefundishwa Hufika Kwanza

Maafa yanapotokea tumezoea kutazama barabarani tukingoja gari la waokoaji. Lakini maji hayangoji gari. Anayefika kwanza ni jirani. Je, jirani huyo anajua la kufanya?

Tujifunze kwa wenzetu wa Bangladesh, nchi ya tambarare ambayo pwani yake imelingana karibu sawa na bahari. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Mwaka 1972 Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho leo huitwa Hilali Nyekundu, kilianza mpango wa kuwafundisha wanavijiji wenyewe. Hawalipwi mshahara. Vikundi vyao hupewa redio, vipaza sauti, ving'ora vya mkono na makoti ya mvua. Hutundika bendera pia: hatari ikizidi, bendera huongezwa, na zikifika tatu kila mtu anajua ni kukimbia.

Hata hivyo, Aprili 1991 kimbunga kingine kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Kwa nini? Mama wengi walibaki nyumbani na watoto, wakingoja ruhusa ya mume. Wengine waliona haya kwenda kujazana na wanaume wageni katika jengo la kujikinga. Na waliokuja kuwabishia hodi kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume.

Somo hilo halikupotea. Leo waliofundishwa ni zaidi ya 70,000, na kila kikundi hupangwa kuwa na watu 20, wanawake 10 na wanaume 10. Wanagawana kazi tano: kutoa onyo, kuongoza watu mahali pa kujikinga, kuokoa, huduma ya kwanza, na kugawa misaada. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema. Waliokufa nchini humo hawakufika 50.

Sisi tunayajua mafuriko na maporomoko. Wenzetu wa Hanang hawajasahau tope la Desemba 2023. Basi tufanye nini?

Kwanza, tuchague watu wanaoshinda mtaani. Kijana hodari anayefanya kazi mjini hatakuwepo mchana. Mama muuza maandazi yupo, tena anajua nani ni mjamzito, bibi yupi hawezi kutembea, na nyumba gani ina mtoto asiyesikia.

Pili, tuombe mafunzo. Mwenyekiti wa mtaa na tawi la Msalaba Mwekundu ndipo pa kuanzia. Tujue kuzuia damu, kumbeba mgonjwa, na njia isiyopita bondeni.

Tatu, kila mmoja apewe kazi yake na nyumba zake kwa majina. Kazi ya wote ni kazi ya hakuna.

Nne, turudie mazoezi kabla ya kila msimu wa mvua. Ujuzi usiotumika huota kutu.

Na jambo moja la nyumbani, mama. Zungumza na baba watoto leo, wakati jua linawaka. Mkubaliane kwamba onyo likitoka naye hayupo, utawachukua watoto na kuondoka bila kumngoja. Ruhusa hiyo ipatikane sasa, maana usiku wa mafuriko hakuna wa kuiomba.