Gereji hulisha mwanagenzi wake, chungu je?

Binti yangu alipomaliza kidato cha nne mwaka juzi, alikuja gereji akaniambia anataka kufinyanga. Nilikuwa chini ya Probox, oili ikinidondokea shavuni, nikadhani sikusikia vizuri. "Kufinya nini?" "Udongo, baba. Vyungu." Mama yake alikuwa ameniletea chai ya saa nne, na ndiye aliyewahi kumjibu: "Tumeuza mbuzi watatu usome, halafu urudi kwenye tope?"

Mimi ni fundi wa magari Ukunda, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Kazi hii sikuisomea darasani. Mwaka 1994 nilipokelewa kwenye gereji moja Mombasa nikiwa spanaboi, nikafagia, nikaosha plagi, nikatukanwa, na mwaka 1998 nikafanya mtihani wa serikali wa ufundi, Grade Three wa DIT, ambayo siku hizi ni NITA. Kwa hiyo mtoto akitaja uanagenzi mimi sishtuki. Nilidhani kumtafutia mwalimu wa udongo ni kama kutafuta fundi wa gearbox: unamuuliza mmoja, anakutuma kwa mwenzake, jioni umeshampata. Nimetafuta miezi saba.

Chuo cha ufundi tulichoanzia kilikuwa na ushonaji, uashi, umeme, ususi, kuchomelea vyuma na kompyuta. Ufinyanzi, hakuna. Bwana wa ofisini alikuwa muungwana, akanieleza wazi: hakuna mwalimu kwa sababu hakuna wanafunzi, na hakuna wanafunzi kwa sababu hakuna mwalimu. Binti akaipata studio Nairobi, yenye magurudumu na tanuri za umeme. Ada ya somo moja ilikuwa sawa na nauli ya basi kwenda na kurudi, na wengi wa wanafunzi wake ni watu wenye kazi zao wanaokwenda Jumamosi kupumzisha akili. Starehe nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini binti yangu anatafuta kazi. Kwenye maduka ya vinyago barabara ya Diani tulikuta vyungu vimepangwa hadi mlangoni, tukauliza vimefinyangwa wapi. Kila muuzaji alitaja mji wa mbali.

Kinachoniuma ni kwamba nchi hii ya Kwale ina jina kubwa kwa vyungu kuliko kwa jambo jingine lolote la kale. Binti ndiye aliyenisomea habari hizo kwenye simu. Mwaka 1966 mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Soper, alichimba hapa Kwale akakuta vigae vya watu waliofua chuma na kulima takriban karne ya 3. Vyombo vya namna hiyo vilipokuja kupatikana huko Pare, Usambara na kwingineko pwani, wasomi walikuwa wameshavipa jina la Kwale, na hadi leo wanaviita hivyo. Kijana wa chuo kikuu ng'ambo anaandika jina letu kwenye mtihani wake wa ufinyanzi, na mtoto wa Ukunda akitaka kujifunza kazi yenyewe anapewa nauli ya Nairobi.

Na kigae kina maana mbili, kama tunavyojua: kipande cha chungu kilichovunjika, na hivi vya kutandika bafuni. Hivi vya pili navyo vina mkono wetu. Mgodi wa Kwale, uliosimama mwezi Desemba 2024, kwa muda wa takriban miaka kumi ulipakia meli pale Likoni ilmenite, rutile na zircon. Zircon hiyo kazi yake kubwa duniani ni vyombo vya kauri na vigae, ndiyo inayovipa ule weupe wa kung'aa. Nimetengeneza magari mengi ya wakandarasi wa mgodi na sikuwahi kujua kwamba mchanga uliokwama kwenye breki zao unaweza kurudi ukiwa sakafu ya hoteli.

Mwalimu tulimpata kwa njia ya gereji hasa. Dereva wa matatu ya Kinango alikuja kubadilisha clutch, akasikia nikilalamika, akasema jirani wa mama yake anafinyanga. Jumapili tukapanda kupitia Kombani na Kwale mjini, tukaipita Shimba Hills, tukamkuta nyanya amekaa kivulini anapapasa ukingo wa mtungi kwa gunzi la mahindi. Hakuwa na gurudumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikizunguka chombo, ameinama, akirudi nyuma hatua baada ya hatua.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba." Hakuniangalia mimi. Alimtazama binti vidole. "Kucha hizi zitanichubulia mitungi."

Binti akaomba wembe, akakata kucha zake za rangi palepale, moja baada ya nyingine. Nyanya akamsogezea karai la udongo mkavu achague vijiwe. Alichagua mpaka tukaaga.

Nikadhani mambo yamekwisha. Nilipouliza aanze lini, nyanya aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Akija kukaa hapa, atakula nini?"

Njia nzima ya kurudi nililifikiria. Gereji hulisha mwanagenzi wake kwa pancha. Fundi mkuu yumo ndani ya injini, spanaboi anafungua tairi, anaosha kabureta, anatumwa dukani na mwenye gari, anaambiwa chenji abaki nayo. Siku haipiti bila shilingi hamsini. Ndivyo nilivyokula miaka minne bila baba yangu kutuma chochote. Chungu hakina pancha. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakandwa, chombo kinafinyangwa na kuanikwa kivulini siku nyingi, kinachomwa kwa kuni na makumbi, kisha kinangoja siku ya soko, na kikipasuka motoni hakuna mteja wa kumlaumu. Katika uchomaji wa kwanza aliouona binti yangu, kati ya vyombo kumi na viwili vinne vilipasuka. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, na tunacheka. Basi amlishe nani tena kwenye gae hilo hilo?

Watu wanasema vijana wa siku hizi hawataki kazi za mikono. Wengine wanasema nyanya zetu ni wachoyo wa ujuzi. Mimi nimeona karai la vijiwe likichaguliwa mchana kutwa, na nimemwona nyanya aliye tayari kufundisha. Kilichokosekana ni unga.

Kaunti yetu inajua kulipia masomo. Mpango wa Elimu ni Sasa, ulioanza enzi za gavana wa kwanza Salim Mvurya, umefungulia watoto wa Kwale milango ya sekondari na vyuo vikuu, na mimi ni mmoja wa wanaousifu. Karo ya mtoto wa bweni hulipwa shuleni kwa kuwa shule ndiyo inayomfundisha na kumlisha. Nyanya wa Kinango anataka kufanya mambo hayo hayo mawili. Tofauti ni kwamba hana mhuri. Basi chuo cha ufundi kilicho karibu kimwandikie mwanagenzi jina, kimkague nyanya mara moja kwa muhula, na fedha zifike kwake. Jengo jipya lenye bati la bluu na jiwe la uzinduzi silitaki. Tukianza na jengo, udongo utaletwa kwa lori na mwalimu ataletwa kutoka mbali, na nyanya atabaki pale pale kivulini.

Serikali kumshika mkono mfinyanzi wa kijijini si jambo geni Afrika. Binti yangu ana picha ya Magdalene Odundo kwenye simu, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyombo vyake vimo kwenye jumba la makumbusho la British Museum, na havifinyangi kwa gurudumu. Alikuwa mwanafunzi Uingereza alipokwenda Nigeria mwaka 1974, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, akakaa na kina mama wa Kigwari, mmoja wao Ladi Kwali. Mama huyo alijifunza kwao kijijini, lakini serikali ilikuwa imejenga kituo, naye akajiunga nacho mwaka 1954. Leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20. (Mke wangu alipoiona noti hiyo aliacha kusema tope. Sasa anasema udongo.)

Mtaniuliza nani atanunua. Chetezo kinanunuliwa: hakuna arusi Msambweni isiyo na udi, na chetezo cha bati kinaunguza mikono. Mama wa wali na mchuzi wa papa anayetaka chungu yupo kila mtaa. Hoteli nayo nilijaribu. Nilichukua vyungu vitatu hadi hoteli moja ya Diani, bwana wa ununuzi akavigonga kwa kidole, akavipenda, akaagiza mia mbili vya kupandia maua, vyote kimo kimoja, mwisho wa mwezi. Nyanya huchoma kumi na viwili kwa wakati. Nilirudi na vyungu vyangu vitatu kwenye tuktuk, nikapiga hesabu ya wanagenzi wangapi wangehitajika pale kivulini.

Kwa sasa karo naitoa mimi, kwa vitu: unga kilo kumi na magunia ya makumbi kila wiki mbili, dereva yule wa clutch anayapandisha bure. Nilijitia ujuzi pia. Nilichukua hub kuukuu ya Probox, nikaitia bearing mpya, nikaiwekea sahani ya chuma juu, nikampelekea nyanya ili asizunguke tena kwa miguu. Aliizungusha mara moja, akasema inakwenda vizuri, akashukuru. Nilipopanda mara ya mwisho niliikuta chini ya mwembe, imewekewa gae la maji, kuku wanakunywa. Nyanya alikuwa ameinama, anakizunguka chombo chake kinyumenyume, na binti yangu nyuma ya chombo kingine anafanya vilevile. Wameagiza makumbi magunia matatu safari hii, na wanataka yafike kabla ya Ijumaa, kwani mawingu yameshaanza kujikusanya.