UCHAMBUZI: Kumpa jina kaa mdogo ni sehemu ya kuulinda Mto Mara

Na Mwandishi Wetu

MTO Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Hifadhi ya Taifa Serengeti, kisha hutiririka katikati ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria kupitia ardhioevu ya Mara. Wananchi wa pande zote mbili huutegemea kwa maji ya kunywa, mifugo, kilimo na uvuvi. Dunia nzima huufahamu kwa nyumbu wanaouvuka kila mwaka. Wanaofahamika kwa uchache zaidi ni viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe yake, hususan krasteshia, yaani jamii ya kaa, kamba na uduvi.

Uchache huo wa maarifa una athari. Mwezi Machi 2022 samaki walipokufa na maji ya Mto Mara kubadilika rangi na harufu, Serikali iliunda kamati maalumu ya uchunguzi. Ripoti ya kamati hiyo ilieleza kuwa oksijeni ilipungua majini kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na uozo wa mimea. Maelezo hayo yalizua mjadala mpana miongoni mwa wananchi na wadau. Mjadala wa aina hiyo hupata msingi imara pale ambapo pana kumbukumbu ya hali ya mto kabla ya tukio: ni viumbe gani walikuwapo, wapi, na kwa wingi gani. Kumbukumbu hiyo haiwezi kuandikwa kwa viumbe wasio na majina.

Mfano wa jinsi jina linavyopatikana upo hapa hapa Tanzania. Katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, huishi kaa mdogo ambaye makazi yake ni mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Wenyeji walimfahamu kwa muda mrefu, na mtafiti John Raybould aliyefanya kazi Amani alimwona miaka mingi kabla ya wanasayansi kumwandika rasmi. Hata hivyo, ilikuwa hadi mwaka 2004 ndipo Neil Cumberlidge na Marco Vannini walipochapisha maelezo yake na kumwita Potamonautes raybouldi, kwa heshima ya mtafiti huyo. Mbali na Usambara, kaa huyo anapatikana pia katika vilima vya Shimba nchini Kenya.

Kazi ya kueleza spishi mpya ina masharti. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika Januari 1, 2000, mtafiti sharti atenge kielelezo kimoja au zaidi kitakachobeba jina hilo na kueleza kinahifadhiwa wapi. Sharti pia aoneshe sifa zinazomtofautisha kiumbe huyo na jamaa zake, na achapishe maelezo hayo ili wengine wayapime. Kwa kaa, tofauti hizo mara nyingi ni ndogo mno: umbo la gamba la mgongoni, meno ya gando, na viungo vya uzazi vya dume. Asiyekuwa na vielelezo vya zamani vya kulinganisha hawezi kuamua.

Ipo sababu ya kibaiolojia inayofanya kazi hiyo kuwa ya lazima katika mito ya bara. Krasteshia wengi wa baharini hutaga mayai yanayoangua viluwiluwi vidogo vinavyochukuliwa na mikondo ya maji hadi mbali. Kaa wa maji baridi hawana hatua hiyo. Mayai yao huangua kaa kamili, wadogo, wanaobebwa na mama yao. Kwa hiyo hawasambai kwa urahisi kutoka bonde moja hadi jingine, na spishi inayoishi katika eneo dogo inaweza kutoweka bila kuwa na hifadhi mahali pengine. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2009 ilipitia takriban spishi 1,280 za kaa wa maji baridi, na karibu nusu yake zilikosa taarifa za kutosha kueleza kama ziko hatarini au la.

Wapo watakaouliza kaa anamsaidia nini mkulima wa Tarime. Jibu moja liko jirani. Katika eneo la Nyanza nchini Kenya, linalopakana na Tarime, ugonjwa wa usubi uliwapofusha watu wengi hapo zamani. Watafiti walimtambua inzi aitwaye Simulium neavei kuwa ndiye anayeueneza, lakini walitafuta buu wake kwenye mawe na mimea ya mtoni bila mafanikio. Mwaka 1950 iliripotiwa kwamba buu na bundo wa inzi huyo hujishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Tangu hapo wataalamu walijua pa kutafuta: walikamata kaa na kuwakagua. Inzi huyo alitokomezwa Nyanza katika miaka ya 1950.

Jibu la pili linahusu ubora wa maji. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania, ujulikanao kwa kifupi kama TARISS, unaotumia wadudu, kaa, uduvi na viumbe wengine wadogo wa majini. Kila kundi hupewa alama kulingana na uwezo wake wa kustahimili uchafuzi. Kipimo cha kemikali hueleza hali ya maji ya saa ile sampuli ilipochotwa. Viumbe hawa hueleza yaliyoupata mto kwa wiki na miezi iliyotangulia.

Ni kweli kwamba jina pekee halisafishi maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kiasi cha maji kitengwe kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa ikolojia. Utekelezaji wa sheria hizo ndio ulinzi wenyewe. Lakini mwenye kusimamia uhai wa ikolojia sharti ajue uhai huo unaundwa na nani.

Kwa msingi huo, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, NEMC, vyuo vikuu na halmashauri za Tarime na Serengeti zina nafasi ya kushirikiana katika upimaji wa mara kwa mara, kuanzia mto mkuu hadi vijito kama Tigithe, na kuhakikisha vielelezo vinavyokusanywa vinahifadhiwa nchini ambako wanafunzi wetu wanaweza kuvisoma. Jumuiya za watumia maji, ambazo wanachama wake huufikia mto kila siku, zinaweza kufundishwa kukusanya sampuli. Siku ya Mara, inayoadhimishwa kila Septemba 15 kwa ushirikiano wa Tanzania na Kenya, ni jukwaa mwafaka la kutangaza matokeo hayo kwa wananchi wa nchi zote mbili, ili tukio jingine likitokea, majibu yaanze na kumbukumbu iliyokwisha kuandikwa.